Chapa Njema Huanza na Maji



Msomaji mpenzi, yapo mafunzo ambayo mwanadamu huyapata kwa kusikia, na yapo asiyoyapata ila kwa mkono wake kushika kitu. Mtoto huambiwa mara mia kuwa subira huvuta heri, akaitika, akaenda zake. Mtie mkononi kazi isiyokubali haraka, naye ataijua subira kabla hujamtajia jina lake.

Juma hili safu yetu inaitazama kazi moja ya namna hiyo, nayo ni kupiga chapa nguo kwa vibao vya mti vilivyochongwa nakshi. Sisi watu wa pwani si wageni wa nguo za chapa. Leso zetu ni nguo za chapa, na kabla ya viwanda kuichukua kazi hiyo, husimuliwa kuwa leso za mwanzo zilitiwa nakshi kwa vibao vya mkono. Lakini mahali ambapo kazi hii ingali hai, ikirithishwa kwa baba na mwana, na ikifanywa na Waislamu walioifikiri kwa kina, ni ng'ambo ya bahari yetu, katika nchi ya Kutch, kaskazini-magharibi mwa India. Nguo yao huitwa ajrakh.

Kutch si mbali nasi kama ramani inavyodai. Bandari ya Mandvi ilituma vyombo vyake kwa pepo za kaskazi hadi Mombasa, Lamu na Unguja kwa karne nyingi, na zipo familia katika Mji wa Kale wa Mombasa ambazo hadi leo huzungumza Kikutchi nyumbani. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alitaja vyombo vya Gujarat vikileta nguo Malindi na Mombasa. Na huko Fustat, mji wa kale wa Misri, vimefukuliwa vipande vingi vya nguo za pamba zilizopigwa chapa Gujarat katika zama za kati. Zaidi ya vipande 1,000 vya namna hiyo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Ashmolean, Oxford. Basi nguo hii ilisafiri njia zile zile za bahari walizosafiri babu zetu.

Wenye kazi hii ni ukoo wa Khatri. Kwa mapokeo yao, wazee wao walitoka Sindh, ambayo leo ni sehemu ya Pakistani, wakahamia Kutch katika karne ya 16 kwa mwaliko wa mtawala wa nchi hiyo, Rao Bharmal wa Kwanza. Walipewa ardhi, wakachagua kukaa Dhamadka. Hawakuchagua kwa uzuri wa mandhari. Walichagua kwa sababu palikuwa na mto, na mpiga chapa asiye na maji yatiririkayo hana kazi. Jambo hili la maji tulishike mkononi, maana tutalirudia.

Kuhusu jina la nguo, wako wasemao limetokana na neno la Kiarabu azraq, yaani rangi ya buluu, kwa kuwa nili ndiyo iliyotawala nguo hiyo. Mafundi wenyewe hupenda kutoa maelezo mengine. Husema asili yake ni maneno mawili ya kwao, aj na rakh, yenye maana ya "iache kwa leo". Yaani kila hatua ikimalizika, nguo iachwe ikae, ipumue, kesho ndipo iendelee. Wanaisimu watajua lililo sahihi. Kwetu sisi inatosha kujua kwamba fundi alipotafuta maana ya kazi yake ndani ya jina lake, alikuta kungoja.

Na kungoja kwenyewe si kidogo. Nguo nzuri ya ajrakh hupita hatua kati ya 14 na 16, na huchukua majuma mawili au zaidi. Tuzifuate kwa ufupi.

Kwanza nguo hufuliwa hadi wanga wote wa kiwandani utoke. Kisha huloweshwa katika mchanganyiko wa magadi, mafuta ya mbarika na samadi ya ngamia, ikaachwa usiku kucha ingali na unyevu, ikaanikwa juani, ikarudiwa tena, halafu ikasuuzwa ikawa safi. Msomaji atashangaa kuwa weupe hutafutwa katika samadi. Lakini ndivyo ilivyo: nguo isiyopita hapo haishiki rangi.

Pili, nguo huchovywa katika maji ya unga wa tunda kavu liitwalo harde, lenye ukakasi kama wa ganda la komamanga, ikatoka na rangi ya manjano iliyofifia. Sasa iko tayari kupokea kibao.

Kibao hicho huchongwa na fundi mwingine, mara nyingi katika ubao wa msaji. Huyu hukata nakshi kinyumenyume, ili kilicho kulia kibaoni kije kikae kushoto nguoni. Kila nakshi huwa na seti ya vibao: kimoja cha mistari, kingine cha kujaza rangi, kingine cha kuziba. Wote lazima wakutane juu ya nguo bila kupishana hata kwa unywele. Mpiga chapa huchovya kibao katika kisahani cha uji wa rangi, hukiweka nguoni kwa jicho na kwa kidole, kisha hukigonga kwa kisigino cha kiganja. Hukiinua, hukichovya, hukiweka, hukigonga. Hivyo tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Chapa ya kwanza haina rangi kabisa. Ni chokaa na gundi ya migunga, na kazi yake ni kuzuia. Palipopita chokaa patabaki peupe hata nguo ikizamishwa katika nili. Kwa hivyo fundi huanza kwa kuchora mahali ambapo rangi haitaingia, kabla ya kuchora mahali itakapoingia.

Chapa ya pili ni ya chuma. Vipande vya chuma kikuukuu huloweshwa pamoja na sukari guru kwa siku nyingi hadi maji yake yaive, kisha huongezwa unga wa kokwa za ukwaju yawe mazito. Uji huo ukigusa ukakasi wa harde, hutoa weusi papo hapo.

Chapa ya tatu ni ya shabu, hii hii shabu tuijuayo madukani kwetu, ikichanganywa na udongo na gundi. Nayo ina ajabu yake. Shabu ndiyo itakayoleta wekundu, lakini inapopigwa haina wekundu wowote. Fundi hutembeza kibao chake juu ya nguo, siku nzima, akichora maua na nyota ambazo haoni rangi yake. Anayepita na kutazama ataona mtu anayepaka tope.

Kisha nguo hunyunyiziwa unga wa mbao ili chapa zisichafuane, ikaachwa ikauke kwa siku kadhaa, ndipo izamishwe katika nili. Nguo hutoka ndani ya nili ikiwa ya kijani, na hewa ikiigusa hugeuka buluu mbele ya macho. Huoshwa kwa maji mengi. Mwisho kabisa huchemshwa katika sufuria kubwa ya shaba yenye rangi ya mizizi mekundu. Hapo ndipo siri ya shabu inapotoka: kila mahali palipoguswa na shabu siku zile nyingi zilizopita panawaka wekundu, na palipozibwa kwa chokaa panabaki peupe.

Ajrakh iliyo kamili hupigwa chapa pande zote mbili, na nakshi za upande mmoja zikakutana na za upande wa pili. Wafugaji wa Kutch, ambao ndio waliokuwa wavaaji wakubwa wa nguo hii, huamka kabla ya alfajiri kwenda na mifugo. Katika giza lile mtu huchukua nguo yake akajitanda bila kuuliza upande gani ni wa nje, maana haina upande wa aibu.

Sasa tujiulize, kazi hii ina nini cha kumfaa mja katika safari yake kwa Mola wake? Tujihadhari tusiseme lisilokuwemo. Kupiga chapa si ibada iliyoamrishwa, na mgongo wa kibao si tasbihi. Lakini wanazuoni wetu walijua zamani kwamba kazi ya mkono humjenga anayeifanya. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoimaliza mwaka 1377, ameeleza kuwa ufundi ni malaka, yaani sifa inayokita ndani ya nafsi kwa kurudia tendo lile lile mara kwa mara. Amezifananisha malaka hizo na rangi zinazoingia nafsini, wala haziingii zote kwa mkupuo. Alichokisema kwa kalamu, Makhatri wanakifanya kwa pamba.

Hata katika njia za tasawwuf liko jina linalotoka katika ufundi. Bahauddin Naqshband wa Bukhara, aliyefariki mwaka 1389, jina lake lina maana ya mtia nakshi. Wafuasi wake wakalielewa kuwa ni kuutia moyo nakshi ya kumkumbuka Mwenyezi Mungu hadi isifutike. Na juu ya yote, Qur'ani yenyewe, katika Surat al-Baqara, aya ya 138, imetumia neno sibgha, ambalo asili yake ni kutia rangi. Wafasiri wengi wamesema muradi wake hapo ni dini ya Mwenyezi Mungu. Dini ikaitwa rangi! Rangi haikai juu ya nguo kama vumbi. Huingia ndani ya uzi, na nguo ikawa haitajwi tena ila kwa rangi yake.

Basi faida ya kwanza ya kazi hii ni ya kurudia. Zama zetu zimetufundisha kuchoka haraka. Kidole kinapita juu ya kioo cha simu, picha moja haijatulia machoni imeshafukuzwa na nyingine. Mpiga chapa anatakiwa kinyume chake: awepo katika mgongo wa mia kama alivyokuwepo katika mgongo wa kwanza. Akili ikiondoka, kibao kinapinda, na nguo inatangaza kughafilika kwake. Sisi tunaosimama mara tano kwa siku kwa maneno yale yale na rukuu zile zile tunayajua mapambano haya. Anayesali kwa mazoea na anayesali kwa khushui mwili wao hufanya jambo moja, ila mmoja yupo na mwengine hayupo. Mkono uliozoea kuwepo katika kazi unausaidia moyo kuwepo katika sala.

Faida ya pili ni ya kutenda bila kuona. Turudi kwa shabu. Mama anayemwamsha mtoto kwa alfajiri miaka kumi, mwalimu wa chuo anayesahihisha herufi moja kwa watoto arubaini, jirani anayestahamili maneno ya jirani: wote hawa wanapiga chapa ya shabu. Hakuna rangi inayoonekana, na mpita njia anaona tope. Lakini kila tendo limekaa mahali pake, na siku ya sufuria itafika. Fundi hana shaka na shabu yake, kwa hivyo haharakishi wala hakati tamaa. Sisi tuna ahadi iliyo kubwa kuliko ya shabu, na mara nyingi tunakata tamaa kabla ya nguo kukauka.

Lakini somo lililo zito kuliko yote, na ndilo lililoifanya safu hii ielekee Kutch juma hili, ni lile la maji.

Asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Kutch. Watu wapatao 20,000 walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu, na Dhamadka ilibomoka vibaya. Mto wa kijiji ulikuwa umekwisha kukauka hata kabla ya hapo, na mafundi walitegemea visima. Baada ya tetemeko, waliobaki walifanya waliloliweza: waliwazika wafu wao, wakatengeneza mapaa, wakarudi kwenye meza zao za kazi. Hapo wakagundua msiba mwingine usiokuwa na kelele. Nguo zilikuwa haziji sawa. Nyekundu ilitoka imefifia, imeingiwa na kiza. Vibao ni vile vile, mikono ni ile ile, shabu na nili ni zile zile. Maji ndiyo yaliyobadilika. Tetemeko liliyatikisa ya chini ya ardhi, na chuma kikazidi katika visima.

Tafakari jambo hili, msomaji. Chuma si adui wa mpiga chapa, maana tumeona kuwa bila chuma hakuna weusi, na bila weusi nakshi haina mpaka. Chuma kikiwekwa mahali pake, kwa kipimo chake, ndicho kinachoipa nguo uti wa mgongo. Kikiingia katika maji yanayoosha kila kitu, kinaharibu kila kitu. Ni kama hasira. Yuko mtu aliyehifadhi haki ya yatima kwa kughadhibika mahali pa kughadhibika, na yuko ambaye hasira imeingia katika maji yake ya kila siku, salamu yake ina hasira, nasaha yake ina hasira, hata sadaka yake inatoka na hasira. Wote wana chuma. Tofauti ni mahali kilipo.

Mafundi wakawa na chaguo. Wangeweza kunyamaza. Mnunuzi wa mjini Delhi au London asingejua tofauti ya nyekundu na nyekundu, na rangi za kemikali za dukani zingeficha mengi. Watu waliopoteza nyumba na jamaa hakuna ambaye angewalaumu kwa kutafuta njia nyepesi. Lakini jamii ile ilikuwa na kumbukumbu. Rangi za viwandani zilikwisha kuingia Kutch miaka ya nyuma na kuzisukuma pembeni zile za mimea, hadi katika miaka ya 1970 fundi Mohammad Siddik Khatri wa Dhamadka alipofanya kazi kubwa ya kuzirejesha na kuwafundisha wanawe. Elimu iliyorudishwa kwa taabu namna hiyo haikuwa rahisi kuiacha ipotee tena kwa sababu ya kisima.

Basi baadhi ya familia zikaamua kuhama. Walitafuta ardhi mahali penye maji mazuri, karibu na mji wa Bhuj, wakajenga kijiji kipya, wakakiita Ajrakhpur, yaani mji wa ajrakh. Wengine walibaki Dhamadka na kazi inaendelea huko pia. Mmoja wa wana wa Mohammad Siddik aliyeshika njia ya Ajrakhpur ni Ismail Mohammad Khatri, ambaye Chuo Kikuu cha De Montfort cha Leicester, Uingereza, kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari mwaka 2003.

Watu walihamisha makazi yao kwa ajili ya kitu ambacho hakionekani nguoni. Ukiishika ajrakh unaona nyekundu, buluu, nyeusi na nyeupe. Maji huyaoni. Yamekwisha kumwagwa, yamekauka, hayana jina wala sehemu katika nakshi. Na bado kila rangi ilipita ndani yake.

Hivyo ndivyo ilivyo nia. Amali ni vibao na rangi, watu wanaziona na kuzisifu. Nia ni maji. Si bure kwamba Imam Bukhari aliifungua Sahihi yake kwa hadithi ya nia, na Imam Nawawi akaitanguliza katika Arubaini yake. Anayejenga msikiti, anayelipia karo ya mayatima, anayesomesha darsa kila Ijumaa, kila mmoja ana haki ya kujiuliza mara kwa mara swali walilojiuliza mafundi wa Dhamadka: kwa nini rangi yangu haiji sawa siku hizi? Mkono ni ule ule, saa ni zile zile, ila utamu umeondoka. Pengine tetemeko limepita chini, la sifa, la ushindani, la kinyongo, na maji yamebadilika wala sikuhisi. Tiba yake haiko katika kununua kibao kipya. Tiba ni kuyatazama maji, na ikibidi kuhama: kuiacha kamati iliyotuingiza riya, kuyaacha mazungumzo yaliyotutia kinyongo, au kuitoa sadaka mahali ambapo hakuna anayetujua.

Na ili tusidhani kwamba chapa yenyewe ina baraka ndani yake, historia yetu imeweka onyo. Waislamu wa Misri walipiga chapa juu ya karatasi karne nyingi kabla ya Gutenberg wa Ujerumani. Karatasi hizo zilizobaki hadi leo nyingi ni hirizi, zenye aya na dua, zilizochapwa kwa vibao au kwa kalibu za bati. Ufundi huo uliitwa tarsh. Na tunajua jina hilo kwa sababu mshairi wa karne ya 10, Abu Dulaf, aliutaja alipokuwa akiorodhesha hila za matapeli waliozunguka masokoni wakiwauzia wanyonge. Kibao kilikuwa kizuri, herufi zilikuwa za Qur'ani, na maji yalikuwa machafu. Fundi wa nguo asiyeandika aya hata moja, akachuma riziki ya halali na kuwalisha wanawe, huenda yuko karibu zaidi na Mola wake kuliko muuzaji wa karatasi zile. Kila mwanafunzi wa chuo anajua kuwa Nabii Daud, alayhis salaam, alikula kwa kazi ya mkono wake. Na Imam Ghazali katika Ihya aliweka kitabu kizima juu ya adabu za kuchuma, kwa kuwa soko nalo ni mahali pa kumkumbuka Mwenyezi Mungu.

Huenda msomaji akauliza, sisi Wakutch na nili yao inatuhusu nini, na watoto wetu wana mitihani? Jibu ni kwamba pwani hii nayo ilikuwa nchi ya mikono. Milango ya Lamu ilichongwa na mikono, misahafu ya Siyu na Pate ilinakiliwa na mikono, na kofia nzuri za kushona kwa sindano zingali zikitoboka tundu moja baada ya jingine. Vitu hivi vikiondoka, hatupotezi biashara ya watalii peke yake. Tunapoteza chuo kilichofundisha subira bila hotuba.

Basi likizo hii, jaribuni nyumbani jambo dogo. Chukua kiazi, ukikate katikati, mpe mtoto achonge nyota au jani kwa kisu kisicho kikali sana, na mzazi awe karibu. Wadogo kabisa wachongewe. Atakapochonga herufi, mwacheni agundue mwenyewe kuwa imetoka kinyume. Tayarisha kipande cha bafta kilichofuliwa vizuri na rangi ya kuchapia nguo, mueleze achore kwanza mistari ya kumwongoza, aseme bismillahi, aanze. Mtakeni ajaze kipande chote kwa chapa ile ile, bila kuharakisha na bila simu pembeni. Akipinda, asifute, apige inayofuata vizuri zaidi. Kisha nguo ianikwe na isiguswe hadi kesho. Iacheni kwa leo.

Adabu mbili tuzichunge. Tusichape jina la Mwenyezi Mungu wala aya juu ya kitu kitakachokanyagwa, kukaliwa au kutupwa. Nakshi za nyota, majani na mistari zinatosha, na ndizo alizotosheka nazo fundi wa ajrakh. Na ya pili, kipande kikimalizika, kisiwekwe ukutani kupigiwa makofi. Kitumike, au kipelekwe kwa bibi, au kwa jirani mgonjwa, kifungiwe tende. Mtoto ajifunze mapema kwamba kazi ya mkono mwisho wake ni kumfaa mwingine.

Usiku, nguo ikiwa kambani, mzazi anaweza kuuliza swali moja tu: "Uliposhika kiazi mara ya ishirini, ulikuwa wapi?" Mtoto atacheka, kisha atajibu kweli, na mazungumzo yenu juu ya sala yatakuwa yameanza bila kuyatangaza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu ayasafishe maji ya nyoyo zetu, aifanye kila amali yetu iwe kwa ajili yake, atupe subira ya kutenda tusipoona, na atukutanishe na matendo yetu siku ile yakiwa na rangi aliyoiridhia. Amin.

Wabillahi tawfiq.